Mashimo ya Kupumulia

Saa nne na robo asubuhi, chini ya mteremko wa darajani, polisi walilikuta gari limekatika katikati kama muwa. Nusu ya mbele ilikuwa imejibamiza kwenye ukuta wa daraja. Nusu ya nyuma ilibaki barabarani, imesimama vizuri juu ya magurudumu yake, kana kwamba inamsubiri mwenzake arudi. Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, la viti viwili, lililong'aa hata katika kifo. Ndani alikuwamo mwanamke wa makamo, mkanda ameufunga, viatu vyake vizuri amevivua na kuviweka pembeni ili aendeshe kwa raba. Alikuwa ameshafariki. Alikuwa mke wa Mkurugenzi wa Jiji.

Aliyetumwa kupima na kuandika ni Koplo. Jina lake kituoni lilishasahaulika. Amekuwa koplo muda mrefu hata maafisa aliowafundisha kufunga mikanda ya sare sasa walimpita na magari, wakasema, "Shikamoo, Koplo," halafu wakampa amri. Shule yake ilikuwa fupi na cheo chake kikaufuata urefu huohuo. Mkewe alimfia wodini siku umeme ulipokatika na jenereta ya hospitali haina mafuta. Mafuta yalikuwa kwenye msafara wa wakubwa waliokwenda kuzindua wodi nyingine. Tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayefagia uwanja wakati upepo unavuma. Alifagia hata hivyo.

Hakuona alama ya breki barabarani. Gia ilikuwa ya pili, gia ya mtu anayeteremka taratibu. Barabara yenyewe haikwenda sokoni wala mjini. Ilikwenda kwenye magereji. Kisha akapiga goti akatazama mahali fremu ilipokatika, yale machuma mawili marefu yanayolibeba gari kama uti wa mgongo. Chuma kilichovunjika leo hung'aa. Hiki kilikuwa cha kahawia, kimeliwa kutoka ndani mpaka kikabaki chembamba kama ganda la yai, na kwa nje kimepakwa rangi nyeusi safi kabisa.

"Nje bwana harusi, ndani maiti," alisema dereva wa gari la kuvuta, halafu akakumbuka kuna maiti kweli, akavua kofia.

Jalada la mtu wa kawaida hutambaa. La Mkurugenzi liliota mbawa. Kabla ya saa sita mchana fundi mmoja wa bodi, aliyejulikana kwa jina la Cheche, alikuwa mahabusu. Mkurugenzi alieleza kwa simu kwamba miaka miwili nyuma alimkabidhi Cheche gari lile aikinge fremu yake na kutu ya ndani, naye akamhakikishia kuwa imekingwa. Kama imekingwa, imeoza vipi? Tena simu ya mwisho ya marehemu, ya saa tatu asubuhi hiyo, ilipigwa kwa Cheche. Inspekta, kijana mwenye sare iliyonyooka kuliko maneno yake, alikwisha kuipa simu ile maana yake: mke wa mkubwa, fundi, kona ya barabara. Alimwambia Koplo kesi imejipika yenyewe, kazi yake ni kupakua tu.

Koplo alimjibu kwamba chakula kilichojipika chenyewe mara nyingi huwa kimeungua chini.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili, kimoja kibovu. Mtuhumiwa ndiye hupewa kibovu. Cheche alikikalia bila kulalamika, mtu mfupi, mikono imejaa madoa ya moto wa kuchomelea. Alipoulizwa alilifanyia nini gari lile, alieleza kama mtu anayesimulia mgonjwa wake.

Fremu ile, alisema, ni bomba la pembe nne, tupu ndani. Kutu ya nje si adui, utaiona utaikwangua. Adui ni ile ya ndani, inayokula gizani. Kwa hiyo aliikausha fremu kwa hewa ya moto, akaingiza mpira mrefu wenye tundu la pembeni, akapuliza nta iliyochanganywa na oili mpaka ikatokea upande wa pili. Halafu akayazibua mashimo madogo ya kiwandani yaliyo chini ya fremu, yote. Maji ya mvua na ya kuoshea lazima yataingia kwa juu, hakuna ujanja. Kinachotakiwa ni yapate pa kutokea.

"Nilimwambia mzee, haya ndiyo matundu yake ya pua. Yasizibwe. Nta itadondoka kwa muda, asijali. Na kila mvua zikiisha nitakuja kulitazama."

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Mlinzi akanirudisha getini. Mvua za pili nikaenda tena, nikarudishwa tena. Amri ya ndani."

"Na simu ya marehemu?"

Cheche aliitazama mikono yake. "Hiyo ni yake, afande. Aliniomba nisiseme."

"Amekufa, Cheche. Na wewe utafungwa."

"Neno nilimpa akiwa hai."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, alikuwa amekaa mama yake Cheche na chupa ya chai ambayo askari walimkatalia kuiingiza. Alimshika Koplo mkono wa shati, akamuuliza, "Mwanangu, eti ameua?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Umebaki wewe tu kujua."

Alasiri Koplo alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi kutoa pole na kuuliza. Ofisi ilikuwa baridi kama duka la nyama. Ukutani palikuwa na picha mbili: katika moja Mkurugenzi ameegemea gari jekundu, katika nyingine yuko kwenye nyasi na fimbo ya gofu, mbele yake mpira mweupe umekalia kijiti. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na macho mekundu, na hayakuwa ya kuigiza. Wakati wote wa mazungumzo alichokonoa kucha zake kwa kijiti kidogo cheupe cha mbao, chenye ncha huku na kichwa kipana kule, mfano wa msumari. Boksi zima la vijiti vile lilikuwa mezani.

Alisema gari lile lilikuwa kipenzi chake. Aliliosha mwenyewe kila Jumapili kwa pampu ya maji ya nguvu, na kila Jumapili akaliendesha, hata ile iliyopita. Lililala kwenye chumba chake maalumu, na ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja tu, ule uliokuwa kwenye kishikizo chake. Hata mama watoto alimfungulia yeye. Dereva aliyekuwepo zamani alipewa gari nje na kulirudishia nje. Koplo aliuliza kama kuna aliyewahi kuishughulikia fremu baada ya Cheche.

"Chini ya gari sijawahi kuinama," alisema Mkurugenzi. "Kazi ya chini ina watu wake. Na kama ningejua limeoza, ningekubali kulipanda?"

Lilikuwa swali zuri. Koplo aliondoka nalo.

Kesho yake, kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, walipoyarundika mabaki, alilala chali chini ya nusu ya nyuma na bisibisi mkononi. Askari wenzake walimtania kwamba uzeeni amepata cheo cha utingo. Alikwangua ile rangi nyeusi ya lami palepale Cheche alipomwelekeza. Hakukuta shimo. Alikuta mduara mdogo mweupe, mbao, umegongelewa na kukatwa usawa wa chuma. Alipouchokoa ukatoka, na nyuma yake yakamwagika maji ya kahawia, mengi, yenye harufu ya kisima kilichokufa, yakamlowanisha kifuani. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha wiki kadhaa nyuma; haya yalikuwa maji ya kuoshea yaliyokosa pa kutokea.

Alivitoa vyote. Kila shimo lilikuwa na chake. Vilikuwa vijiti vyenye ncha, vimepakwa rangi nyeupe, vimekatwa vichwa.

Hapo akili ya Koplo haikwenda kwa Mkurugenzi moja kwa moja. Ilikwenda kwa yule dereva wa zamani. Mlinzi wa getini alikwisha kusema kwamba dereva yule alifukuzwa kwa ugomvi, na siku ya kuondoka alisema mbele ya watu kuwa gari lile litamzika mtu. Ndiye aliyekuwa akimbebea bosi mfuko wa gofu. Vijiti vya kukalishia mpira alikuwa navyo, na chuki alikuwa nayo. Inspekta aliposikia alifurahi: sasa wangekuwa nao wawili mahabusu.

Walimkuta akiosha malori kwenye kituo cha mafuta. Hakukimbia. Aliuzima mpira wa maji, akajifuta mikono, akasema alikuwa akiwasubiri.

"Ulisema litazika mtu," alisema Koplo.

"Nilisema. Si limezika kweli?"

"Ulijuaje?"

"Mlango, afande. Mlango wa kulia ulikuwa umeshuka. Ukitaka kuufunga mpaka uuinue kwa goti. Bawaba nzima, lakini mlango umeshuka. Mtu akianza kwenda upande ujue mgongo umekwisha. Nikamwambia mzee. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Kesho yake nikaambiwa nirudishe funguo."

"Yeye akaendelea kuliendesha."

Dereva alicheka, kicheko kisicho na meno ya furaha. "Nani, yeye? Tangu siku ile hakulikalia tena hata kwa kupigia picha. Muulize mlinzi, ndiye aliyenisimulia. Kila Jumapili alikuwa analiosha, anampa mama funguo, anasema kiuno kinamuuma."

Mlinzi aliulizwa. Alizungukazunguka, mtu ana watoto, lakini mwisho alikubali. Ilikuwa kweli. Kwa miezi, aliyelipanda gari lile ni mama peke yake. Na amri ya kumzuia fundi getini ilitoka kwa mzee, si kwa mama.

Koplo alirudi mahabusu. Inspekta alimwambia dereva aletwe, akajibu kwamba hatamleta. Chumba kilikuwa na ufunguo mmoja, na huwezi kugongelea vijiti chini ya gari linaloletwa nje na kurudishwa nje mbele ya mlinzi. Halafu akakaa mbele ya Cheche, safari hii yeye kwenye kile kiti kibovu.

"Nitakwambia alichokwambia kwenye simu," alisema. "Nikikosea, nyamaza. Mlango ulikuwa umeshuka, na yeye ndiye aliyekuwa akiufunga. Alikuwa analileta kwako."

Machozi yakamtoka Cheche bila sauti. Siri ikishajulikana haina mwenyewe tena. Alisema, "Aliniambia, fundi, naliteremsha polepole, nitafika. Utazame halafu ulitengeneze kimyakimya, mzee asijue. Ataona haya. Nikamwambia, mama, usiliendeshe, nakuja na jeki. Akasema ukija utazuiwa getini tena. Nilikuwa nimekwisha kulifagia lile shimo la kukagulia magari. Nilimsubiri."

Siku iliyofuata, saa tisa alasiri, Koplo aligonga kwenye nyumba ya Mkurugenzi. Alikuja na viatu vya marehemu ndani ya mfuko wa nailoni, vile vizuri alivyovivua. Hivyo ndivyo vilivyomfungulia geti. Kwa kazi ya polisi peke yake angerudishwa kama Cheche. Mkurugenzi alivipokea, akabaki navyo mkononi, hajui aviweke wapi. Koplo akamwomba akione chumba cha gari, aandike, amalize.

Kilikuwa chumba kizuri kuliko nyumba ya Koplo. Taa za dari, kochi la ngozi, na zulia jekundu pale gari lilipokuwa likilala. Koplo aliinama, akalishika zulia ukingoni, akalikunja.

Chini yake vigae vilikuwa vyeupe, na juu ya vigae palikuwa na madoa ya kahawia, mistari miwili iliyonyooka, yamekwanguliwa yakagoma. Nta ya Cheche. Lakini juu ya zulia lenyewe hapakuwa na tone hata moja.

"Gari lilidondosha nta, halafu likaacha," alisema Koplo. Akatoa mfukoni kijiti kimoja, kile kisicho na kichwa, akakiweka katikati ya mstari wa madoa. "Kilichoziba ni hiki. Kuna boksi lake mezani kwako. Na humu haingii mtu bila wewe, uliniambia mwenyewe."

Mkurugenzi alikaa kwenye kochi. Hakukana. Labda alikuwa amechoka, labda ni vile viatu. Alieleza kwa sauti ya mkutano, sauti ya mtu aliyezoea kuandikwa. Palikuwa na wageni, alisema, siku chache baada ya gari kutoka kwa fundi. Mkubwa mmoja, mkubwa kwake, alivaa suruali nyeupe, akapiga goti kutazama magurudumu, akainuka na doa gotini. Wakacheka. Wakasema gari la Mkurugenzi ni zuri ila ni kikojozi. Jina likabaki. Hata kwenye vikao mtu alimuuliza kikojozi hajambo.

"Wakaondoka, nikayaziba, nikapaka rangi juu. Nilidhani ni kitu kidogo."

"Fundi alikukataza."

"Alinikataza. Ndiyo maana nikamzuia getini. Angeinama tu angeona. Angenisema. Mimi nisemwe na mtu wa ovaroli, humu ndani?"

"Na mlango uliposhuka?"

Mkurugenzi alivipanga viatu magotini, kisigino kwa kisigino.

"Ulielewa," alisema Koplo. "Ulielewa vya kutosha kushuka wewe. Mkeo hukumwambia ashuke."

"Ningemwambia nini? Kwamba nimeliua gari kwa sababu ya kicheko? Kila Jumapili nilisema, ijayo nitamwambia. Alikuwa haendi mbali. Alizunguka hapo jirani, anarudi. Kila akirudi nilisema, basi, bado lina nguvu." Alivitazama viatu. "Na juzi nilimfungulia, sikujua alikuwa anakwenda wapi. Mpaka leo sijui. Inspekta ananiambia alikuwa anamwendea yule fundi."

"Alikuwa anamwendea kweli," alisema Koplo. "Aliujua mlango, aliijua sababu ya wewe kuumwa kiuno. Alitaka fundi alitengeneze kimyakimya, usione haya. Aibu yako ndiyo aliyokuwa ameipakia, anaipeleka ikachomelewe."

Mkurugenzi aliteremka kutoka kwenye kochi akakaa sakafuni, kwenye vigae, juu ya madoa, mtu mzima na suti yake nyeusi, viatu vya mkewe vimemkaa magotini. Koplo alimwacha. Alikuwa amekwisha kukaa sakafuni hivyohivyo yeye mwenyewe, kwenye ukumbi wa hospitali, na hakuna mkubwa aliyekuja kumwinua.

Baada ya muda Mkurugenzi akasema, bila kuinua kichwa, "Mbele ya watu nitakana. Nina watoto. Hawawezi kusikia hili."

"Cheche naye ana mama."

"Cheche atatoka. Nitaongea."

Akaongea. Hiyo ni kazi waliyosomea wakubwa. Koplo alikuwa ameandika maelezo yote, ya dereva, ya mlinzi, ya Cheche, akafunga vijiti kwenye mfuko wa vielelezo, akaviambatisha. Jalada likaitwa makao makuu siku hiyohiyo. Liliporudi lilikuwa na karatasi moja, vijiti havimo, na mwenye kuuliza viko wapi aliambiwa vielelezo gani. Karatasi ilisema chanzo cha ajali ni mwendo kasi wa dereva. Cheche aachiwe, hana kosa. Mkurugenzi hana kosa. Mwenye kosa alikuwa amekwisha kuzikwa.

Inspekta alisoma kwa haraka akatoka. Alimwachia Koplo kazi ya kufungua mlango.

Cheche alisimama mapokezi akifunga kamba za viatu alizorudishiwa. Mama yake alikuwa amekwisha kuinuka na chupa yake. Cheche aliomba asomewe karatasi, naye Koplo akaisoma. Cheche akaomba isomwe tena pale mwisho.

"Mwendo kasi," alisema. "Yule mama? Yule aliendesha kama amebeba mayai. Kwa hiyo imekuwa kosa lake?"

"Ndivyo walivyoandika."

Cheche alizifungua tena kamba za viatu, polepole, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya kaunta.

"Basi nirudishe ndani, afande. Kwa karatasi hiyo sitoki."

Mama ndiye aliyezichukua zile kamba, akainama kwa shida, akaanza kuzipitisha mwenyewe kwenye viatu vya mwanawe kama anamwandaa kwenda shule. "Twende nyumbani, baba," alisema akiwa chini hapohapo. "Marehemu hawezi kufungwa. Wewe unaweza." Cheche akasimama analia huku anafungwa viatu, na walipotoka alikuwa ameshikwa mkono.

Hakuna aliyemletea Cheche gari tena. Watu husoma kwamba umeachiwa, lakini hukumbuka kwamba ulikamatwa.

Jioni ile mvua ilinyesha. Koplo alitoka na mwavuli mbovu, akaenda uwanja wa nyuma, akasimama mbele ya ile nusu ya gari iliyobaki juu ya magurudumu yake. Maji yaligonga rangi nyekundu, yakaingia kwa juu, yakapita ndani gizani, yakatoka chini kwenye mashimo aliyoyazibua, matone yaliyopangana mistari miwili. Hayakutuama hata kidogo. Ilikuwa sawasawa na alivyosema fundi.

Koplo alitazama mpaka mvua ikakatika, na matone yakaendelea kudondoka.